Mkiwapeleka wasomaji Ngazija, wapeni na habari ya maji

Mhariri,

Makala za safari za Komoro huandikwa kana kwamba visiwa vyote vinne ni pwani moja: mchanga, minazi, karafuu na mlangilangi. Anayezisoma hufika Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote, akitarajia mito ya kuoga. Haipo. Kisiwa hicho hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, ingawa miteremko ya magharibi ya Karthala, mlima wake wa volkano, hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka.

Sababu ni umri wa mwamba: wa Ngazija bado ni mchanga. Zaha, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayomwagwa na volkano, ikipoa hupasukapasuka, na mvua huzama humo kama maji kwenye pakacha. Wahenga walisema pakacha kuvuja ni nafuu ya mchukuzi. Ngazija mchukuzi ndiye mwenye kiu. Huko chini maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, kisha hutoka ufukweni kama vijichemchemi wakati wa kupwa. Ndiyo maana kisima cha pwani kikizidi kuchimbwa huleta chumvi.

Vukeni kwenda kisiwa cha Nzuwani muone tofauti. Mwamba wake ni mkongwe, umeoza ukawa udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, kwa hiyo kuna mabonde makali na mito, japo mingi imegeuka ya msimu tangu misitu ikatwe. Kisiwa cha Maore (Mayotte) ni kizee kuliko vyote. Kilele chake kirefu zaidi kina mita 660 tu, dhidi ya 1,595 za Nzuwani na 2,361 za Karthala, na kadiri kisiwa kilivyodidimia, matumbawe yaliyoshikamana na ufuo yalibaki mbali baharini, ukuta unaozunguka wangwa mpana, yaani maji tulivu kati ya matumbawe na ufuo. Lakini uzee si kufa. Mwaka 2018 volkano mpya ilizaliwa chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya Maore, ikainuka mita 800 na ushei kutoka sakafuni, na ardhi ya kisiwa ikashuka kwa takriban sentimita 10 hadi 20.

Turudi kwenye maji. Vijiji vya Ngazija vimeishi kwa birika, yaani tangi la kuhifadhi maji, la nyumba au la msikiti, linalojazwa na mvua ya paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 1,000. Toa humo sehemu ya tano inayomwagika au kukauka, zibaki 800. Mgeni anayejichotea ndoo nzima ya kuoshea viatu amekula sehemu ya kiangazi cha watu. Aombe kwanza.

Mlima ukitema jivu, birika ndilo la kwanza kuharibika. Ilitokea Novemba 2005: jivu lilitanda hadi Moroni, mji mkuu, na maji ya mabirika mengi yakachafuka. Kosa la kawaida ni kuosha paa kwa maji, au kungoja mvua ilioshe. Jivu lililolowa huwa zito kiasi cha kulemea paa, na tindikali yake hula mabati na kuingia birikani. Kinachotakiwa ni kung'oa bomba la mfereji wa paa mara jivu linapoanza kuanguka, kufunika birika, kufagia paa likiwa kavu huku pua na mdomo vimefunikwa, kisha kuachia mvua ya kwanza imwagike nje kabla ya kurudisha bomba.

Na wapandaji? Safari ya Karthala ni ya siku mbili kwa miguu, kwa kawaida kuanzia Mvouni, juu ya Moroni, pamoja na mwongoza njia wa huko. Msimu mzuri ni wa kusi, Mei hadi Oktoba. Njiani hakuna chemchemi, kwa hiyo kila mtu abebe lita sita za kunywa, mbali na za kupikia. Watoke kabla ya alfajiri, maana kabla ya adhuhuri mawingu huufunga mlima, na wengi hupotea kwa kukata njia ya mkato ndani ya ukungu. Viatu viwe vya soli nene. Zaha yenye meno huchana raba kwa saa chache. Sweta si anasa, usiku wa juu una baridi kali.

Kileleni kuna kaldera, bonde kubwa lililotokana na kilele kuporomoka, ya takriban kilomita tatu kwa nne, na ndani yake kasoko (shimo la volkano) la Chahale, ambalo kuta zake hubomoka. Tazameni mkiwa mbali na ukingo. Hatari kubwa zaidi haionekani. Mwaka 1903 gesi ya mlima huu iliua watu 17. Kaboni dayoksaidi haina harufu na ni nzito kuliko hewa, basi hulala mabondeni, hasa alfajiri isiyo na upepo. Hema lipigwe mahali palipoinuka, hata kama bondeni pana kinga ya upepo, na barakoa ya kitambaa isimdanganye mtu: huzuia jivu, haizuii gesi. Moroni kuna kituo kinachofuatilia mitetemo ya mlima. Mwongoza njia aulize huko siku ile ile ya kupanda, si wiki iliyotangulia.

Makala yenu ijayo ya Komoro ikiwa na nafasi ya picha moja tu, wekeni ya birika.

Wasomaji wenu