Shukrani kwa kaka wa pale feri

Kaka wa kofia nyeupe, Jumamosi ile kwenye foleni ya feri ya Likoni, jina lako sikuliuliza na hilo linaniuma mpaka leo. Mimi ndiye yule mama wa ndoo tano.

Nilikuwa nahamisha tangi langu la samaki wa maji ya chumvi, lita 200, miaka sita nimelilea. Jua kali, foleni haisogei, na kipampu cha hewa kikaishiwa betri. Kitatange wangu akapanda juu, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Ukaomba kikombe. Ukachota maji ukayamimina kutoka juu yatoe mapovu, ndoo hadi ndoo, mpaka tukavuka. Niliuona mkono wako unatetemeka, na hukuacha.

Kisha ukauliza mawe ya tangi yako wapi. Nilikuwa nimeyafunga kwa magazeti makavu! Ukayalowesha kwa maji yale yale ya tangi, ukanieleza kwamba bakteria wanaoivunja amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanaishi humo. Mawe yakikauka wanakufa, na tangi linaanza upya. Mchanga wa chini, ule mweusi unaonuka yai viza, ukanikataza kuurudisha.

Nimefuata kila neno. Hata samaki niliwazoesha maji mapya kidogo kidogo, kwa mpira mwembamba unaodondosha tone kwa tone. Kesho yake asubuhi kitatange alikula.

Mungu akulipe, kaka. Nikikuona tena pale feri nitakuita kwa sauti.