Yule kijana pichani si wa ushuani

Ndugu Mhariri,

Nauza magazeti Temeke Mwisho tangu mwaka 1998, na gazeti lako nimelitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo miaka yote hiyo, kwa hiyo nakuandikia kama mtu wa nyumbani. Jumamosi iliyopita, kabla sijalitundika, nilifungua ukurasa wa burudani nikakuta makala ya kumbukumbu kuhusu bifu la makundi mawili ya muziki wa kufoka, East Coast Team la Upanga na TMK Wanaume la hapa Temeke. Mwandishi wako anawaeleza vijana wa leo kwamba ule ulikuwa ugomvi wa rangi: huku Upanga ya weupe, machotara na watoto wa Kihindi, kule Temeke ya Waswahili weusi. Chini ya makala kuna picha ya umati wa watu viwanja vya Mwembeyanga, hapa Temeke, na maelezo yake yanamtaja kijana mmoja mweupe aliye katikati kuwa ni mtoto wa ushuani aliyejitosa uswahilini kufuata muziki.

Picha hiyo nitairudia. Kwanza nikwambie mimi ni nani.

Babu yangu alikuwa Mshihiri. Alitoka Hadhramaut akaja Dar es Salaam kuuza kahawa, birika mkono mmoja, vikombe mkono wa pili akivigonganisha. Akaoa Mzaramo, akafia Temeke hana hata baiskeli. Sisi wajukuu tumetoka kama maandazi ya karai moja, wengine wameiva sana, wengine wametolewa mapema. Mimi ni wa kutolewa mapema, na nywele zangu za singa. Mtaani naitwa Mwarabu. Sijawahi kuudhika, kwa sababu anayeniita hivyo ndiye huyo huyo anayenikopesha sukari. Lakini nikisoma gazetini kwamba weupe wa Dar es Salaam ni watu wa ushuani, huwa najitazama kandambili zangu.

Mgawanyo wa jiji hili haukuletwa na muziki. Mkoloni ndiye aliyelikata mafungu matatu: Wazungu Oysterbay, Wahindi mjini kati na Upanga, Waafrika Kariakoo na Ilala, baadaye Magomeni na Temeke. Magazeti ya udaku yalichukua ramani ile ile yakaibadilisha majina tu. Yakasahau kwamba mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, Msajili wa Majumba akaingiza humo makarani, walimu na wauguzi. Nina shangazi aliyekuwa muuguzi Muhimbili na alikaa Upanga zaidi ya miaka 20. Watoto wake walilala wanne chumba kimoja kama sisi. Tofauti ni kwamba bomba lao lilitoa maji.

Sasa hao weupe wa Upanga, yaani East Coast, ni akina nani? King Crazy GK ni Gwamaka Kaihula. AY ni Ambwene Yessayah. Ukiyasikia majina hayo, kama umewahi kufika Tukuyu kwa Wanyakyusa, huhitaji kuambiwa zaidi. Mwana FA ni Hamis Mwinjuma, mtu wa Tanga, ambaye mwaka 2020 aliingia bungeni kwa jimbo la Muheza. Mwandishi wako anionyeshe Mhindi wao. Anionyeshe chotara wao. Mimi nimewatundika kwenye kamba yangu miaka mingi, sura zao nazijua.

Na kama ni damu mchanganyiko anaitafuta, alipaswa kuja kwetu. Nyimbo za Juma Nature zilizoifanya Temeke itembee kifua mbele, nani alizipika? P-Funk Majani, pale Bongo Records, mtu mwenye baba Mholanzi. Studio nyingine iliyokuwa ikitajwa kila kijiwe ni FM, na fundi wake, Mika Mwamba, alikuwa Mfini! Tulimwita Mwamba kama vile kazaliwa Mbeya. Sijawahi kumsikia kijana wa Temeke akikataa mdundo kwa sababu aliyeutengeneza ni mweupe. Walikuwa wanauliza kitu kimoja tu, unagonga au haugongi.

Nirudi nyuma zaidi kidogo, maana jambo hili hunichekesha. Mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili kwenye wimbo wa Vanilla Ice, na wengi wetu ndipo tulipojua kwamba Kiswahili kinaweza kuchanwa kwa mtindo wa rap. Vanilla Ice ni Mmarekani mweupe aliyejifunza sanaa ya Wamarekani weusi. Lile besi la wimbo wake lilikuwa limechukuliwa kwa bendi ya Queen ya Uingereza, na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alikuwa Mparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Kwa hiyo kitu kilitoka Mji Mkongwe, kikazunguka dunia nzima, kikarudi Dar es Salaam. Mpangie rangi huyo nyoka, kichwa kiko wapi na mkia uko wapi.

Wakati ule tatizo la magazeti halikuwa rangi. Lilikuwa uhuni. Mtu akivaa suruali pana na kofia nyuma ni mhuni, basi. Kulikuwa na mabishano ya kweli pia, ya lugha. Kwanza Unit, waliojiunga mwaka 1993, walichana sana kwa Kiingereza, na watu wa mitaani wakaona huo ni muziki wa waliosoma na wenye ndugu ng'ambo. Baadaye akatokea Sugu, wakati huo 2-Proud, kutoka Mbeya, akasema mambo kwa Kiswahili ambacho hata mama ntilie angekielewa. Hayo yalikuwa mabishano yenye maana, na sikumbuki gazeti lililoyapa hata nusu ukurasa.

Siwezi kusema bifu la Upanga na Temeke lilikuwa la kubuni. Walitupiana mistari, nasi tulishabikia. Temeke tulikuwa na haki ya kununa, maana masika vyoo vilifurika hadi mlangoni, vijana hawakuwa na kazi, na tulikuwa tukisikia kwamba jiji linajengwa lakini hatuoni linajengwa wapi. Nature aliimba hayo. Nilitegemea mwandishi mmoja aje aulize vyoo hivyo viko mtaa gani. Hakuja mtu. Walichotaka ni nani kamtukana nani.

Na mimi nilikula nao. Hapa lazima niseme ukweli, vinginevyo barua hii haina haja ya kutumwa. Gazeti moja la udaku, ambalo silitaji, siku za kawaida nilichukua nakala 40, na jioni nilirudisha kumi. Wiki ikiwa na kichwa cha habari cha Temeke na Upanga nilichukua 100, na saa tatu asubuhi kamba ilikuwa tupu. Nilijifunza haraka. Kichwa kikisema fulani amjibu fulani, mimi nilipaza sauti kwamba Temeke imetukanwa. Kikisema Upanga wamecheka, mimi niliongeza kwamba wamesema sisi tunanuka. Hayo hayakuwamo ndani. Watu walinunua, wakasoma wote ukurasa mzima, wakalikosa neno hilo, na bado wakaondoka wakiamini wamelisoma. Wengine hawakununua kabisa. Walisimama mikono nyuma, wakasoma maandishi makubwa, wakaondoka na vita kichwani bure bila kulipa hata senti.

Mwaka 2004, siku chache baada ya Idi, mdogo wangu alikuwa anarudi kutoka Posta jioni. Alikuwa na miaka 19, mweupe kunizidi, nywele zimelala. Alishuka daladala Tandika kwa sababu ya foleni, akaamua kumalizia kwa miguu. Kuna kijiwe hapo alikopita, vijana wasiomjua. Mmoja akamwuliza anatafuta nini huku, kwao si Upanga? Yeye naye mdomo wake haujawahi kutulia, akajibu. Walimpiga mpaka meno mawili ya mbele yakatoka. Waliomwokoa walikuwa wanawake wa sokoni waliomjua kuwa ni mdogo wake Mwarabu wa magazeti. Mama mmoja aliniletea kitambaa chenye meno, na mkononi alikuwa na kitu kingine alichokiokota hapo chini. Lilikuwa gazeti la asubuhi ile, kutoka kwenye kamba yangu. Alama ya kibanio changu bado ilikuwepo juu, kwenye kona.

Tangu siku hiyo nauza kimya. Anayetaka atasoma mwenyewe.

Mwandishi wako angekuwa na subira angekumbuka pia mwaka 2006, TMK Wanaume walipogawanyika. Nature akaenda na wenzake, wakajiita Wanaume Halisi. Chege na Temba wakabaki na meneja Said Fella, ikawa Wanaume Family. Mtaa mmoja, hali moja, rangi moja. Wiki mbili zile niliyatazama magazeti kwa makini yanavyohangaika. Ushuani haikufaa, weupe haukufaa. Ikabidi watafute mchawi mwingine. Mimi niliona wazi kwamba ugomvi wa wanamuziki huwa ni kama ugomvi wa fundi na fundi, nani alipwe nini na nani atajwe kwanza, na rangi inapachikwa na yule anayetaka nakala ziishe mapema.

Marekani walifikishwa mbali kwa mchezo huu. Wachanaji wa pwani ya Mashariki na wa pwani ya Magharibi walipambanishwa kwenye majarida mpaka Tupac akauawa Septemba 1996, na miezi sita baadaye Biggie. Sisemi waandishi ndio waliofyatua risasi. Nasema kwamba vijana wetu walichukua hata jina la East Coast kutoka huko, na magazeti yetu yakachukua mengine yote.

Sasa picha. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Kijana mweupe wa katikati amevaa jezi ya Arsenal namba 14, ya mtumba, ambayo niliinunua mwenyewe Karume baada ya ile shati yake kuharibika kwa damu. Mkono wa kushoto ana kovu la pasi la tangu utotoni. Wenzake wote wanaomzunguka wamepanua midomo, wanaimba. Yeye peke yake ameufumba, kwa sababu wakati ule hakuwa bado amepata meno ya bandia na aliona aibu. Hakujitosa uswahilini kufuata muziki. Alitoka nyumbani kwetu kwa miguu, dakika kama 15, akiwa na vijana wa mtaa aliozaliwa nao, kwenda kumshangilia Nature.

Naomba usahihishe maelezo ya picha hiyo, na usahihishe ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule. Sihitaji kuombwa radhi. Nilimpelekea mdogo wangu gazeti, akalisoma, akacheka kidogo, akalikunja kufungia bolti za mteja. Siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki, analifungua saa mbili asubuhi. Mwandishi wako akitaka kumwuliza kwao ni wapi, apande daladala la Tandika, nitampa maelekezo nikiwa hapa hapa kwenye kamba.

Jina langu umeliona juu ya bahasha. Naomba usilichape, wateja wangu wanatosha kuniita Mwarabu.

Muuza magazeti,
Temeke Mwisho, Dar es Salaam