Shoga, nakuomba themomita nne na Jumamosi yako

Mama Nasra, shoga angu,

Asalaam aleykum. Hujambo wewe na watoto, na shemeji mgongo wake vipi sasa? Huku sote wazima, Bi Mkubwa anakusalimu na anasema yale machungwa uliyoleta yaliisha siku mbili, utajua mwenyewe la kufanya. Najua nimekaa kimya tangu Idi na simu zako mbili sikupokea, nisamehe, nilibanwa na hiki hiki ninachotaka kukwambia, na kwa kuwa nina shida ya haraka salamu nazikata hapa.

Maonyesho ya sayansi ya shuleni kwetu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mkuu kanipa kazi ya kuwasaidia walimu, yaani sio kuwasimamia watoto, kuwasaidia wale wanaowasimamia watoto, wako sita, wa fizikia, kemia, baiolojia, kilimo na wawili wa hesabu walioongezwa maana hatutoshi. Nilidhani shughuli itakuwa vifaa na ratiba, nani akae darasa gani. Kumbe shughuli yenyewe ni kuwaomba walimu wasimfanyie mtoto kazi yake, na hapo ndo nimekwama.

Ngoja nikupe mfano. Kuna binti wa kidato cha pili anakaa Mikanjuni kwa bibi yake, nyumba haina friji, ina mtungi. Akaja na swali lake mwenyewe: kwa nini maji ya mtungi yana ubaridi kuliko ya ndoo ya plastiki wakati vyote viko koridoni pamoja? Swali zuri hilo jamani. Mwalimu wake akamjibu palepale, maji yanapenya kwenye vitundu vya udongo, yanageuka mvuke, yanaondoka na joto, akamwandikia na kwenye daftari kisha akamwambia haya kachore bango. Jibu ni sahihi kabisa, lakini mtoto kabakiwa na nini cha kutafuta? Basi nikamwita yule binti nikamuuliza, utajuaje kama ni vitundu kweli na sio udongo tu kuwa mnene? Akanyamaza. Siku mbili hakuonekana maabara nikajua nimemvunja moyo. Siku ya tatu kaja na mitungi miwili ya mfinyanzi mmoja, saizi moja, mmoja kaupaka rangi ya mafuta nje kote, ile ya milango, imebaki kwenye kopo la mjomba wake. Kaziba vitundu! Hakuna mtu aliyemwambia Mama Nasra, nilisisimka mpaka nikakaa chini.

Basi tukaanza. Lita tano kila chombo, maji ya bomba moja, vyote kivulini vimefunikwa sahani, vinajazwa saa mbili asubuhi vinapimwa saa nane mchana. Siku ya kwanza ndoo digrii 30, mtungi wa rangi 29 na nusu, mtungi wa kawaida 26. Siku ya pili na ya tatu karibu hivyo hivyo. Siku ya nne ikanyesha kutwa, unaijua mvua yetu na lile joto la kunata, ndoo 28, mtungi wa kawaida 27. Tofauti digrii moja tu. Mwalimu wa fizikia kuona hivyo akamwambia afute hiyo 27, aandike 24, "zitakuharibia mbele ya majaji."

Hapo tukagombana, na bado hatujaelewana vizuri mpaka leo.

Na mwenzangu simlaumu sana, sote tumelelewa hivyo, praktiko za mtihani jibu unalijua kabla hujashika kifaa, namba ikikataa unaipika. Wewe unakumbuka chuoni tulivyokuwa tunapika data za pendula usiku na Mama Zuhura. Lakini ile namba ya siku ya nne ndo tamu kuliko zote! Hewa ikishajaa unyevu maji hayageuki mvuke kirahisi, kwa hiyo mtungi hauna cha kuupoza. Nikamuuliza binti, siku ile ya mvua kulikuwa na nini tofauti nyumbani? Kafikiri, kasema, "Hata kanga za bibi hazikukauka." Nikamwambia sentensi hiyo hiyo iandike kwenye bango, kwa maneno hayo hayo.

Kwenye kikao nikawakumbusha walimu habari ya Erasto Mpemba, yule mwanafunzi, maana ni ya mkoani kwetu hapa hapa. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu za maziwa, nafasi kwenye friza inagombaniwa, akaingiza yake ya moto bila kusubiri ipoe, ikaganda kabla ya ya mwenzie ambaye hakuyachemsha maziwa yake. Kumuuliza mwalimu kaambiwa umechanganyikiwa. Hakuacha, akaenda nayo mpaka sekondari ya Mkwawa, Iringa, kule nako wakamcheka, mpaka alipokuja mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar akamuuliza mbele ya watu, naye akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia. Mwalimu wa kemia akanirukia, akasema mbona 2016 Waingereza wamepima tena wakasema hawalioni hilo jambo, wakaonyesha hata mahali unapoweka themomita panabadilisha jibu. Nikasema ahsante, hilo ndo nalitaka, watu bado wanapima na kubishana kwa sababu mtoto mmoja hakufuta alichokiona.

Mengine ya haraka haraka. Volkano za magadi na siki ziko tatu, nimewaambia zibaki ila mtoto abadilishe kitu kimoja tu, mfano kiasi cha siki, apime povu limepanda sentimita ngapi, arudie mara tatu. Kuna baba kamlipa fundi redio kutengeneza mtambo wa kutotoa vifaranga, mtoto mwenyewe hajui hata waya upi ni wa taa, imeniuma kweli maana ni mtoto mwerevu. Nimempa kazi ya kurekodi joto la ndani asubuhi na jioni angalau awe na chake. Wale wawili wa makaa ya vifuu vya nazi wanakwenda vizuri, wanapima uzito kwanza, halafu dakika za kuchemsha lita moja, mkaa wa kawaida na wa vifuu, wanarudia.

Halafu Kiingereza. Yule binti wa mtungi akieleza kwa Kiswahili unasikia raha, akitakiwa Kiingereza anatazama chini anakariri bango. Nataka majaji waruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili. Mwalimu wa taaluma kasema atafikiria, na mie kila siku asubuhi nampitia.

Sasa shida yangu kwako. Themomita zetu ziko mbili tu na hazipatani, nimezitia ndoo moja, moja inasoma digrii mbili juu ya mwenzake, kwa hiyo mpaka sasa mtoto anatumia moja anaihamisha chombo hadi chombo. Nataka arudie siku nne nyingine kabla ya Jumamosi, na nikisikia radio inasema mvua ipo nafurahi.

Je, zile nne za spiriti nyekundu za maabara yako bado zipo? Zipime kwanza kwenye maji mamoja uone zinakubaliana, za zebaki usinipe, sitaki ivunjike mikononi mwa watoto. Unaweza kumpa kondakta wa Kosta ya asubuhi au nimtume kijana afike Muheza? Na wewe mwenyewe Jumamosi utaweza kuja kukaa na majaji? Nataka mtu mmoja atakayemuuliza mtoto "siku ya nne kulitokea nini" na akamsikiliza mpaka mwisho. Wewe yule mwalimu wako wa fizikia ulimfanyaje mpaka akaacha kupika namba, ulikaa naye pembeni au mbele ya wenzie? Na Nasra kapangiwa wapi?

Nijibu leo hata kwa meseji, kesho asubuhi inabidi nijue nani aende stendi.

Wako,
Mama Swabra