Chakula kinapokwama: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza

Mwaloni, Kirumba
Mwanza

Kwako Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: OMBI LA SWALI MOJA KWA KILA MGONJWA WA KIUNGULIA

Shikamoo, Daktari.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Kayenze, nauza dagaa hapa Mwaloni. Elimu yangu ni kidato cha nne. Ningeweza kuileta barua hii masijala ikagongwa muhuri, lakini ninachokiomba, kwamba kila anayetaka dawa ya kiungulia aulizwe kama chakula kinamkwama, kinawahusu pia wauzaji wa maduka ya dawa, viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe) na kila mwenye mzazi anayetafuna magadi usiku. Nataka nao waisome.

Baba yangu alikuwa fundi mitumbwi. Tangu nikiwa mtoto namkumbuka na kiungulia chake. Mfukoni hakukosa kipande cha magadi. Akimaliza kula usiku utamsikia anacheua, anatafuna magadi, anashushia maji, analala. Tuliizoea hali ile mpaka hakuna aliyeiona kuwa ni ugonjwa.

Kiangazi cha 2019 alikuja mjini kwangu, nikamwandalia matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na maziwa ya mgando. Tonge la pili likamkwama. Akajipiga kifua, akanywa maji, likashuka. Akasema amekula kwa haraka. Mwezi uliofuata ikawa ugali, lazima kila tonge alisindikize na maji. Halafu ugali akauacha, akawa mtu wa wali uliolowa mchuzi. Halafu uji. Mkanda wake tuliutoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto.

Katika muda huo alihudhuria zahanati mara tatu. Kadi yake ninayo hadi leo, na mara zote tatu zimeandikwa herufi zilezile, PUD, yaani vidonda vya tumbo. Alipewa dawa za wiki mbili, akamaliza, akapewa nyingine. Sisemi waliomhudumia walikuwa wabaya. Walikuwa na foleni ndefu, na mzee mwenyewe alipoulizwa anaumwa nini alijibu, "Kifua kinaniwaka." Hilo la chakula kukwama hakulisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na yeye aliliona ni dogo kuliko kuwaka. Mimi nami nilimwambia kwenye simu, "Baba, hivyo ni vidonda tu, punguza pilipili, endelea na dawa." Nilisema "tu". Neno hilo bado linaniamsha usiku.

Alipofikishwa hospitali ya rufaa na kuingiziwa kamera kupitia mdomoni hadi tumboni, ilikuwa Februari 2020. Uvimbe kwenye njia ya chakula ulikuwa umebakiza tundu dogo sana, na saratani ilishafika kwenye ini. Wakampitishia mpira tumboni wa kumlishia uji na maziwa. Alikuwa anaomba tumwekee chembe za chumvi kwenye ulimi, apate ladha mdomoni. Tulimzika Mei.

Baada ya pale nilianza kuuliza. Nimewasumbua wauguzi, nimesoma, nimekaa na daktari mmoja kijana aliyenieleza kwa subira bila kutazama saa. Niliyoyaelewa nayaandika hapa, wewe unayajua kuliko mimi, ila wasomaji wengine wa barua hii huenda hawayajui.

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa kama sentimeta 25. Mwisho wake pana misuli inayobana kama mdomo wa gunia lililofungwa. Tumbo limeumbwa kustahimili tindikali yake lenyewe, umio haukuumbwa hivyo. Misuli ile ikilegea, tindikali inapanda, na huko ndiko kuwaka. Ukikaa miaka mingi unaunguzwa hivyo, utando wa chini wa umio unaweza kubadilika na kufanana na utando wa utumbo, hali ambayo madaktari huiita umio wa Barrett, na kwa watu wachache mabadiliko hayo huishia kwenye saratani. Nasisitiza wachache. Wengi wenye kiungulia hawatapata saratani kamwe, na sitaki mtu asome hapa akose usingizi bure.

Tena saratani ya umio ni ya aina mbili. Ile inayotokana na kupanda kwa tindikali ndiyo iliyozoeleka zaidi Marekani na Uingereza. Huku kwetu iliyo nyingi mno ni nyingine, inayoanzia kwenye utando wa kawaida wa umio, mara nyingi sehemu ya katikati. Ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Rasi ya Mashariki kule Afrika Kusini, ni miongoni mwa maeneo yanayoumizwa zaidi na aina hiyo duniani. Kenya, upande wa Bomet, wamewahi kuwaona wagonjwa wasiofikisha hata miaka 30. Tumbaku na pombe vinatajwa kila mahali. Na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kuwa kunywa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda kunasababisha saratani hii.

Daktari, njoo Mwaloni saa 11 alfajiri. Utawaona vijana wanatoka ziwani, wamepigwa na baridi usiku kucha, wanamiminiwa chai ya rangi kutoka kwenye sufuria inayochemka na wanaimaliza kabla haijaacha kutoa mvuke. Kwetu kunywa chai ya moto ni ushujaa. Anayeipuliza anachekwa. Ugali nao unaliwa ukiwa bado unaunguza vidole, na supu ya sangara vilevile. Siombi serikali ipige marufuku chai. Lakini kuiacha chai ipoe kidogo hakuna gharama, na sijawahi kusikia mtu wa afya akilisema jambo hilo hapa mwaloni, wakati kuhusu kichocho na malaria tumesikia mara nyingi, na tunashukuru.

Basi utaniuliza: kama saratani iliyo nyingi kwetu haitokani na kiungulia, kwa nini barua yangu inazungumzia kiungulia? Kwa sababu kiungulia ndicho kinachoificha. Kanda ya Ziwa nzima, kila kinachouma kati ya kitovu na shingo kinaitwa vidonda vya tumbo. Gesi ni vidonda. Kuwaka kifua ni vidonda. Chakula kukwama nacho ni vidonda. Jina likishapatikana, mtu ana njia yake: magadi, udongo wa pemba, maji ya kabichi, dawa za mitishamba zinazouzwa stendi, na omeprazo, dawa ya kupunguza tindikali, za kununua kidonge kimoja kimoja. Omeprazo ni dawa nzuri, mimi mwenyewe naitumia. Ila inaweza kutuliza maumivu huku uvimbe unaendelea kukua chini yake, na mtu akasema nimepata nafuu.

Mimi pia nina kiungulia. Baada ya msiba niliogopa nikaenda kupigwa kamera, wakakuta umio umeunguzwa ila hauna uvimbe. Nimejifunza kuishi nacho, na niliyojifunza yalikuwa rahisi kiasi cha kunitia uchungu kwamba baba hakuambiwa hata moja. Zamani nilikuwa nafunga hesabu za dagaa, nafika nyumbani saa 4 usiku, nakula ugali na samaki wa kukaanga, nalala saa hiyohiyo. Sasa chakula kikuu nakula mchana, jioni nakula kidogo kabla ya saa 1, na silali mpaka zipite saa tatu tangu nimalize kula. Miguu ya kitanda upande wa kichwa nimeiwekea matofali, imepanda kama sentimeta 15, maana mito miwili mitatu inakunja tumbo tu. Nalalia ubavu wa kushoto. Khanga siikazi kiunoni kama zamani. Nimepunguza mafuta na pilipili, na uzito nimepunguza kilo sita. Dawa za maumivu kama diklofenaki sinunui tena kiholela. Na omeprazo nilikuwa nameza kifua kikishaanza kuwaka, kumbe inatakiwa imezwe tumbo likiwa tupu, nusu saa hivi kabla ya kifungua kinywa, kwa wiki alizoandika daktari, halafu urudi akuangalie. Miaka mitatu naimeza vibaya na hakuna muuzaji aliyenieleza.

Wajawazito nao wanaambiwa kiungulia ni dalili kuwa mtoto ana nywele nyingi. Hilo halina madhara, mimba ikiisha kinaisha. Madhara yapo kwa mzee wa miaka 55 anayepewa maelezo ya namna hiyohiyo.

Ombi langu, Daktari, ni hili. Toa mwongozo kwamba katika kila zahanati, kituo cha afya na duka la dawa muhimu ndani ya mkoa, kuanzia Nyamagana na Ilemela hadi Kwimba na Ukerewe, mtu yeyote anayetaka dawa ya kiungulia au ya vidonda vya tumbo aulizwe kwanza: "Chakula kinakukwama?" Swali hilo halihitaji mashine. Linaulizwa kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kikerewe. Akijibu ndiyo, asiuziwe dawa akaondoka nayo hivihivi. Aandikiwe rufaa siku hiyohiyo ya kwenda kupigwa kamera. Uingereza mwongozo wao wa mwaka 2015 ulitaka mgonjwa anayeshindwa kumeza achunguzwe kwa kamera ndani ya wiki mbili. Kwetu wiki mbili huenda ni chache mno kuzitimiza kwa sasa, lakini bora tuwe na idadi ya siku tunayoikimbilia kuliko kutokuwa nayo kabisa. Baba yangu alizungushwa miezi minane.

Yapo pia yanayostahili rufaa hiyohiyo: kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, sauti kukauka isirudi, kuishiwa damu. Lakini nikiambiwa nichague moja la kuanzia, nachagua kukwama, maana hilo mgonjwa analijua kabla ya mtu yeyote na ndilo analolidharau.

Na wanaojaza kadi waombwe wasiandike PUD kwa mazoea mtu akirudi mara ya pili na tatu na malalamiko yaleyale. Kurudi kwake ni habari tosha kuwa jina la kwanza huenda halikuwa sahihi.

Umbali hatuwezi tena kuutumia sana kama kisingizio. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, mgonjwa wa Sengerema hasubiri pantoni. Hospitali ya Bugando tunaiona kutoka hapa mwaloni, ipo pale kilimani, na matibabu ya saratani yapo, si lazima kila mtu apande basi kwenda Ocean Road Dar es Salaam. Ukerewe bado wana maji katikati, nao nakuomba uwafikirie kwa namna yao, kwa sababu mtu wa kisiwa cha Ukara akiambiwa "nenda ukapige kamera Mwanza" anahesabu nauli, malazi na siku za kazi, halafu ananyamaza.

Gharama nazo sizipuuzi. Tuliuza injini ya mtumbwi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita tangu 2023, na ninaomba inapofika kwetu kipimo cha kamera kwa anayekwama chakula kisiwe cha kubishaniwa dirishani.

La mwisho ni namna ya kuwafikia wavuvi. Mikutano ya afya huitishwa saa 4 asubuhi, wakati waliokesha ziwani wamelala na wanawake tupo kwenye vichanja tunaanika. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inapaki kwa siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo watu wote wapo nchi kavu, wanashona nyavu, na BMU ndipo hufanya vikao vyake. Nimeshazungumza na viongozi wa mwalo wa Kayenze, wamekubali kutoa nusu saa ya kikao. Mtume muuguzi mmoja tu anayejua kueleza. Mimi nitakuja na kadi ya baba, na chai nitaipika mwenyewe, tutaisubiri ipoe wakati anazungumza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama muuza dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza