Kwa mwanangu anayekwenda Siwa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Tangu tulipopata habari kwamba wewe na wanafunzi wenzako mtatoka Cairo kwenda Siwa, ile oasisi ya jangwani, wakati wa likizo, usingizi wangu haujatulia. Sikukatazi kwenda. Nina fahari kwamba mtoto wa fundi wa mawe na chokaa ataiona Shali, mji uliojengwa kwa karshif, yaani madonge ya chumvi na udongo, uliosimama tangu karne ya 13 mpaka mvua ya siku tatu ya mwaka 1926 ilipouyeyusha. Ziguse zile kuta kwa kiganja, usizipande, kisha unieleze nyufa wanazizibaje, maana nasi huku twaijua mvua inavyozitenda nyumba za Mji Mkongwe. Kwenye hekalu la Umm Ubayda utakuta kipande cha ukuta tu, kwa sababu mtawala mmoja wa karne ya 19 alililipua kwa baruti apate mawe ya kujengea, jambo ambalo mimi siwezi kulisamehe.

Ninalokuomba ni moja: msiiache njia ya lami inayotoka Marsa Matruh, kilomita 300 hivi, mkaingia mchangani. Alexander Mkuu mwenyewe, alipokwenda kwenye hekalu la mungu Amun pale Aghurmi, huko huko Siwa, mwaka 331 KK, inasimuliwa kwamba upepo ulifuta njia na viongozi wake wakapotea. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, naye aliandika juu ya askari 50,000 wa Cambyses, mfalme wa Uajemi, waliofunikwa na mchanga wakielekea huko huko. Hata kama kisa hicho kimetiwa chumvi, msiingie mchangani, awe dereva ni mwenyeji au ana kibali cha jeshi.

Wewe ulihifadhi juzuu thelathini kabla ya rika lako, lakini kukataa mbele ya wenzako hujajifunza, na huenda hilo hukulipata mbali. Siku ile ya Chumbe niliuona upepo umegeuka kabla hatujang'oa nanga. Mama yako hajui.

Fedha niliyotuma ni ya basi na chakula, wala haitoshi kukodi gari la jangwani, nami nimeipima hivyo kwa makusudi. Paa la uani bado linavuja, mabati nimeyaahirisha hadi baada ya masika. Mama yako anataka mafuta ya zeituni ya huko kwa ajili ya goti lake, chupa moja inatosha, na dada yako anataka tende laini. Bebeni maji mengi hata mkienda makaburini Gebel al-Mawta, ambako ni karibu na mji. Na ile njia ya lami, mwanangu, msiiache.

Baba yako