Makungwi wanangu, kichwa cha mwari mmekisahau

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa barazani kwangu hapa Tanga. Nimekuwa mkunga wa wodini miaka 31 na kungwi zaidi ya hapo, kwa hiyo nitawasema hata mkinuna. Juzi nilialikwa kicheni pati. Kungwi kapewa kipaza sauti, kafundisha kiuno, kafundisha shanga, kafundisha maji ya kuoga ya mume. Vigelegele ukumbi mzima. Nikasubiri afike kwenye uzazi. Alipofika alisema neno moja tu: arubaini zikiisha jirudishe haraka, waume hawana subira. Nikanyanyuka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Mwili tunaujua. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto, uji wa pilipili manga, kumfunga tumbo, hayo hatuhitaji kufundishwa na mtu. Kilichobaki nyuma ni kichwa.

Siku ya nne, kwa mfano. Wakati wa mimba kondo la nyuma ni kiwanda cha homoni. Estrojeni na projesteroni hupanda kufika kiwango ambacho mwanamke huyo hajawahi kuwa nacho. Kondo likitoka kiwanda kimefungwa, na kwa siku chache tu homoni zile zimeporomoka, hali ubongo ulikwisha zizoea. Ndiyo maana siku ya tatu, ya nne, ya tano, mzazi analia. Nilimkuta mmoja analilia kijiko. Mama mkwe kaleta uji na kijiko cha plastiki, yeye alitaka cha chuma. Alilia mpaka mtoto akaamka, wakawa wanalia wawili. Wifi yake akabetua mdomo: “Anadeka huyu.” Hadeki. Kilio hicho huisha chenyewe ndani ya wiki mbili, ilimradi apate usingizi na mtu wa kumpokea mtoto. Kikivuka hapo, akawa hali, hamtazami mwanawe, anasema bora afe, hiyo ni sonona. Ina tiba, na tiba yake iko hospitali.

Lipo la tatu, humpata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000. Hapati usingizi wala hachoki, anasikia sauti, anasema mtoto kabadilishwa. Hapo hatungoji kukuche, na mtoto haachwi naye peke yake. Nasema haya nina deni moyoni. Nyumba moja waliyoniita kama somo wao, wazee waliamua binti kapandwa na mashetani, akapigiwa ngoma siku sita. Mimi, mwenye sare nyeupe kabatini, nilikaa kimya kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Dawa za hospitali zilimponya baadaye. Maziwa yalikwisha kauka, na talaka ilikwisha andikwa.

Halafu lile la kusahau. Mwenye mimba akitafuta funguo zilizo mkononi mwake tunamcheka. Sasa sikilizeni. Watafiti wa Barcelona waliwapiga wanawake picha za ubongo kabla ya mimba ya kwanza na baada ya kujifungua, na mwishoni mwa 2016 wakatoa majibu: sehemu ya kijivu ya ubongo imepungua, na miaka miwili baadaye bado iko vile vile. Msishike vifua. Palipopungua ni pale tunapotumia kusoma nia na hisia za mtu mwingine, na baadhi ya sehemu hizo ndizo zilizochangamka mama alipoonyeshwa picha ya mwanawe. Walipompima kumbukumbu, haikuonekana kushuka. Mwaka 2024 zikachapishwa picha 26 za mwanasayansi mmoja wa California, Elizabeth Chrastil, aliyejitolea kichwa chake mwenyewe tangu kabla ya kushika mimba hadi mtoto ametimiza miaka miwili. Homoni zikipanda, kijivu kikipungua. Mimi nalielewa kwa cherehani: fundi akibana gauni kiunoni kitambaa kinapungua, lakini gauni ndiyo kwanza limekukaa.

Nakuja kwenye lile ambalo hakuna kungwi anayeligusa, kufunga hedhi, tukidhani mafunzo ni ya wari tu.

Nilikuwa na miaka 49. Saa nane usiku naamka shuka limelowa, moyo unanidunda, nakwenda kulala sakafuni kwenye saruji, kanga moja. Mwaka huo nilimeza dawa ya malaria mara tatu bila kupima. Mimi! Niliyekuwa nikiwagombeza wagonjwa wapime kwanza. Malaria haikuwapo. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kinaitwa hipothalamasi, ndicho mlinzi wa joto la mwili. Estrojeni ikipungua mlinzi anakuwa mwoga: joto likiongezeka kidogo tu anafungulia jasho lote. Ila jasho la usiku pia ni dalili ya kifua kikuu, kwa hiyo pimeni, msirudie ujinga wangu.

Mchana nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi mmoja, nikasahau jina la mjukuu niliyemzalisha kwa mikono yangu. Mume wangu alihamia barazani, akidhani nimemchoka. Hakuna aliyekuwa amenifundisha neno la kumwambia. Baadaye nikasoma kwamba wanawake wa Marekani waliofuatiliwa miaka mingi walionekana kulegea katika kujifunza mambo mapya walipokaribia kufunga hedhi, kisha wakarejea walipovuka. Nami nilirejea. Mchuzi wangu sasa hauna kasoro, ulizeni.

Wengi hufunga kati ya miaka 45 na 55, na tunasema umefunga ukitimiza miezi 12 bila kuona siku zako. Damu ikirudi baada ya hapo, hata tone, ni hospitali. Dawa za homoni zipo. Ziliogopwa sana baada ya utafiti wa Marekani wa 2002, lakini leo madaktari huwapa wengi walio chini ya miaka 60 wanaoteseka na joto, isipokuwa kama aliyepata saratani ya matiti au damu kuganda. Hayo aongee na daktari, si na kijana wa duka la dawa.

Jumamosi hii nina mwari Chumbageni. Mama yake ana miaka 51, na mlangoni niliona ana kitambaa anajifuta shingo, feni ikiwa inazunguka. Nimemwambia asikae na wapishi uani. Atakaa mkekani, ubavuni mwa binti yake, nami nitawafunda wote wawili.