Nilijua, na bado nilikaa miaka minne

Mhariri,

Kila kesi ya Shakahola, msitu wa Kilifi ambako waumini walifungishwa hadi kufa, inapotajwa redioni, fundi mwenzangu tunayeshiriki kibanda hapa Kayole husimamisha cherehani na kuuliza swali lile lile: hao watu walikuwa na akili kweli? Wateja nao hawakosi jibu. Huyu atasema ni kukosa elimu, yule ni umaskini, mwingine ni mambo ya Pwani, ilhali waliozikwa katika msitu ule walitoka pembe nyingi za nchi, na miongoni mwao walikuwamo waliosoma na waliokuwa na kazi za mshahara. Maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Mimi huinama nikaendelea kushona. Leo naomba nafasi katika gazeti lako nijibu, kwa kuwa nilikaa miaka 11 ndani ya kanisa lililotawala maisha yangu hapa hapa Nairobi, na minne ya mwisho nilikaa nikijua kwamba mambo hayakuwa kama tulivyoambiwa.

Kanisa lenyewe silitaji, wala mchungaji wake. Halikumfungisha mtu hadi kufa. Lakini lilitupangia nani wa kuoana naye, lini tumwone daktari na lini tusimwone, jamaa gani tukate mawasiliano nao. Hata safari ya kwenda nyumbani Krismasi tuliiombea ruhusa.

Watu hudhani ukweli ukishafika, mtu huondoka. Novemba 2014 ukweli ulifika sebuleni mwa kila mwenye televisheni. Kituo kimoja kilionyesha jinsi mchungaji mmoja wa hapa Nairobi alivyotumia potasiamu pamanganeti kuyageuza maji ya kuoshea waumini miguu yakawa mekundu kama damu, na jinsi watu walivyoagizwa kupanda mbegu, yaani kutoa sadaka, ya shilingi 310. Nchi nzima ilicheka, "panda mbegu" ikawa msemo wa mtaani, na bado mchungaji yule hakukosa wa kuwahubiria. Sisi tulikitazama kipindi kile. Jumapili iliyofuata tukaambiwa kwamba manabii wa uongo wanafichuliwa ili wa kweli waonekane. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa moyo wangu wote.

Zamu yangu ilikuja mwaka uliofuata. Mwanamke aliinuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu mbele yetu, akatembea, kanisa likalipuka kwa vigelegele. Nilimjua. Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa amenipita sokoni na ndoo ya nyanya kichwani. Nilikufa ganzi pale nilipoketi. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshapata maelezo: labda ni ndugu yake na wanafanana, labda ugonjwa wake huja na kuondoka, labda Mungu anaipima imani yangu. Hakuna aliyenipa maelezo hayo. Niliyatunga mwenyewe ndani ya matatu, kati ya Donholm na Kayole.

Nimefikiri miaka mingi kwa nini niliyatunga.

Mama yangu alipofariki 2012, nilikuwa na shilingi 900 mkononi. Wanawake wa kanisa walilala kwangu siku sita, chumba kimoja, wakapika, wakaosha vyombo, wakaniogeshea mtoto. Walichangisha pesa za jeneza na za basi la kumpeleka mama hadi Mwingi, na mchungaji mwenyewe akasimama kaburini. Ukoo wangu ulileta maneno. Anayeishi Nairobi kwa kibarua anajua uzito wa jambo hili. Hapa huna shamba la kuchuma mboga, shangazi hayuko ng'ambo ya ua, mwenye ploti anadai kodi tarehe tano, na bili ya hospitali isipolipwa maiti haitoki mochari. Kanisa ndilo ukoo, ndilo chama, ndilo bima. Sasa niambie, mwanamke wa nyanya angeshindana vipi na siku sita zile? Mchungaji alitudanganya, na wale wanawake walinipenda. Yote mawili yalikuwa kweli, na sikujua namna ya kuliacha moja nisipoteze jingine.

Riziki nayo ilitoka huko huko. Sare za kwaya, sare za wahudumu, nguo za harusi, zote nilishona mimi.

Lakini kama ingekuwa ni riziki tu, naamini ningetoka mapema zaidi. Walionifunga ni watu niliowaleta. Wahenga wanasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga; mimi sikuvua zangu tu, niliwavua na wengine. Jirani yangu wa ploti, tuliyejifunza ushonaji pamoja, aliuza cherehani yake 2013 ili apande mbegu mumewe apate kazi. Kabla ya kuiuza alikuja kuniuliza. Nilimwambia, toa, Mungu hakai na deni la mtu. Kazi haikuja. Walihama usiku kwa kushindwa kodi, na sijamwona tena hadi leo. Kukubali kwamba mchungaji ni mwongo kulikuwa kukubali ni nani aliyeubeba uongo ule hadi mlangoni kwa rafiki yangu. Kila wazo hilo lilipoanza kunijia, nilisali kwa sauti ili lisifike mwisho. Nilifunga zaidi na kutoa zaidi, na walioniona walisema nimekua kiroho.

Ndiyo maana habari za Kanungu, Uganda, hazinishangazi kama zinavyowashangaza wengine. Viongozi wa kundi moja la kidini huko walitangaza kwamba dunia ingeisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku ikapita. Wapo walioanza kudai mali waliyokuwa wameiuza na kuikabidhi, lakini mamia walikubali tarehe nyingine, na tarehe 17 Machi 2000 wakateketea ndani ya jengo lao la ibada. Mtu aliyeuza shamba na ng'ombe, akamleta mke na watoto wake pale, tarehe mpya humwondolea mzigo wa kutazama alichowafanyia. Naielewa hesabu yake. Niliipiga kila Jumapili.

Kuna jambo jingine ambalo aliye nje halioni. Binti yangu ana kifafa. Tulifundishwa kwamba anayemeza dawa ameikana imani. Mimi nilikuwa nikichukua vidonge vyake kliniki, navificha ndani ya mkebe wa vifungo, nampa saa tatu usiku taa ikiwa imezimwa, kisha kanisani nashuhudia kwamba Bwana amemponya. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Ushuhuda huo, Mhariri, ulisikiwa na kina mama wengine wenye watoto wagonjwa. Sijui walifanya nini na dawa za watoto wao.

Tulipothubutu kuuliza, tulisomewa Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu." Mistari iliyotangulia hatukusomewa. Inazungumzia watu wachache, wageni, waliotangatanga kutoka taifa hadi taifa, ambao Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Andiko la kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu liligeuzwa kuwa ngao ya mwenye nguvu. Mimi bado ni Mkristo na ninalisema hili kwa uchungu, kwa maana Biblia hiyo hiyo ina waraka kwa Wathesalonike unaosema, "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Miaka 11 sikuwahi kuusikia mstari huo ukihubiriwa.

Nilitoka 2019. Binti alianguka katikati ya kesha, na mchungaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hiyo ni dhambi ya mama. Nilimbeba nikatoka naye nje, saa nane usiku, sina nauli. Binamu yangu wa Kariobangi alikuwa akinipigia simu kila mwezi kwa miaka yote ile. Hakuwahi kulitaja kanisa langu kwa ubaya, aliniuliza tu hali ya mtoto na biashara. Usiku ule nilikuwa na namba moja ya kupiga. Alikuja na bodaboda na blanketi, hakuniuliza chochote. Laiti angekuwa amenicheka hata mara moja katika miaka hiyo, nisingempigia. Ningerudi ndani nikaombewe.

Kutoka kuna gharama yake. Kesho yake niliondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Wateja waliisha kabla mwezi haujaisha. Wanawake walionipikia siku sita walianza kuvuka barabara wakiniona, na hilo ndilo lililoniliza kuliko mengine yote.

Nasikia mengi kuhusu sheria. Baada ya mambo ya 2014, Mwanasheria Mkuu alisimamisha usajili wa makanisa mapya. Kanuni zilizofuata zikasitishwa mapema 2016 viongozi wa dini walipozipinga. Baada ya Shakahola, Rais William Ruto aliunda jopokazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi, likatoa ripoti 2024. Mjadala wetu hurudi pale pale: nani asajiliwe, nani awe na cheti cha theolojia. Kifungu cha 32 cha Katiba kinamlinda kila mtu kuabudu na sitaki kiguswe, ila mhubiri anayemnyima mtoto chakula au dawa ashtakiwe, hapo sina neno. Ninachouliza ni hiki: aliyeko ndani na anayetaka kutoka amewekewa nini? Juni 2023 manusura 65 wa Shakahola, waliokuwa wamekataa kula wakiwa kituo cha uokoaji, walifikishwa mahakamani Shanzu wakashtakiwa kwa kujaribu kujiua. Watu waliotolewa msituni wakiwa mifupa mitupu walipokewa na mashtaka. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho cha kuwashtaki wanaojaribu kujiua kuwa kinyume na Katiba. Na mwaka huo huo, nchi nzima ikiwa imeshajua kila kitu, maiti nyingine zilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti ile ile ya Kilifi.

Wanaotoka wanahitaji washauri nasaha wanaoielewa hali hii, katika zahanati zetu za kawaida, bila malipo. Wanahitaji mahali pa kulala wiki mbili tatu za kwanza, na vyama vitakavyowazika bila kuuliza wanaabudu wapi. Makanisa mengine nayo nayasihi: mtu akiwajia kutoka kule, msimsimamishe madhabahuni asimulie aliyoyaona. Kanisa la kwanza nililokwenda baada ya kutoka lilinipa kipaza sauti Jumapili ya pili. Nilikuwa nimetoka kwenye kushuhudia, na ushuhuda mwingine sikuuweza. Sikurudi.

Na wewe mwenye ndugu huko ndani, usimtumie kila siku video za kumfichua mchungaji wake. Huenda anajua zaidi yako. Mdogo wangu, niliyemleta kanisani kwa mkono wangu 2010, yuko huko mpaka sasa. Baada ya kutoka nilikwenda kwake Umoja, nikamweleza yote kuhusu yule mwanamke wa kiti cha magurudumu, nikidhani nimembebea habari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, mimi nilijua siku ile ile. Nilikuogopa wewe."

Nampigia kila Jumapili jioni. Mara nyingine hupokea, tukazungumza habari za mvua na kaburi la mama linalohitaji kupaliliwa. Usiku simu yangu siizimi.

Jina limehifadhiwa,
Kayole, Nairobi